Utaitundika Wapi Pete Yako?

Melini, Ziwa Huron
14 Mei 2017

Shangazi Aili mpendwa,

Shikamoo kutoka majini. Natumaini goti limeacha visa, na yule mbwa wako Musti ameacha kulifukuza gari la posta. Mimi ni mzima na nimenenepa. Tumepata mpishi mpya kutoka Louisiana, anatia pilipili hata kwenye uji, na mabaharia wazima wanakula huku wanalia. Barua hii nitaishusha Detroit. Ukinijibu, mashua ya posta itatukimbilia pale pale na kunipandishia barua yako kwa ndoo, kama siku zote. Simu najua huitaki, sikulazimishi.

Haya, sasa la maana. Tina amekubali! Tunafunga ndoa Jumamosi ya tarehe 20 Januari, meli zikishalala kwa ajili ya barafu. Mama yake ameshaanza kupiga kelele kuhusu mikate ya kokwa za jozi na nani ataketi na nani.

Tatizo ni pete. Ya Tina ipo, ilikuwa ya bibi yake. Yangu ndiyo kizaazaa. Dhahabu ni laini, na mimi kutwa nashika spana, na vumbi la madini tunayobeba linakula kila kitu. Halafu injinia wetu mkuu ana sheria yake: ukiingia zamu kwenye chumba cha injini, pete unavua, hakuna mjadala. Alishaona kidole cha mtu kikinaswa, na hataki kuona kingine.

Nilipomweleza Tina, akaninunia. Unajua kazi yake ni kinyozi pale mjini Eveleth. Akasema hivi, na sijapunguza neno:

"Wade, wanaume wanakaa kwenye kiti changu siku nzima. Wenye alama nyeupe kidoleni nawajua. Wamevua pete nje ya mlango wangu, halafu wananiuliza natoka kazini saa ngapi. Mimi sitaki mume wa alama nyeupe."

Basi natafuta pete ya madini mengine, nzuri na imara, itakayostahimili kuvuliwa na kuvaliwa kila siku mpaka uzeeni. Wengine wananiambia titani, nyepesi hata hujui umeivaa. Wengine wanasifu tangsteni, nyeusi na ngumu kiasi kwamba hata tupa haiikwaruzi. Wengine wanasema chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, kinatosha. Wewe umeishi na fundi wa mgodi. Nishauri. Marehemu mumeo, Mjomba Arvo, alivaa pete gani? Mama husema alizikwa nayo, ya dhahabu.

Mwanao,
Wade


Palo, Minnesota
2 Juni 2017

Wade mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika na alama ya grisi ya kidole gumba, nikajua umeiandika mwenyewe. Goti linalalamika mvua ikikaribia, na mvua haiishi kukaribia. Musti hafukuzi tena gari la posta, siku hizi anapanda ndani na kwenda nalo mpaka kona. Mbu wameamka na njaa. Sauna iko sawa, jiko linavuta vizuri na mvuke unatosha, ila kamba ya kuvuta kuwasha na kuzima taa ya chumba cha kuvulia nguo imechakaa. Ukipata kipande cha kamba nzuri ya melini, niletee. Kamba tu.

Sasa hongera! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni mpaka Musti akaingia chini ya meza. Msichana anayeweza kuwanyoa wachimba migodi na kuwanyamazisha anakufaa sana, maana wewe unahitaji kunyamazishwa.

Kuhusu pete, dhahabu achana nayo. Arvo alianza na dhahabu. Siku moja anabadilisha gurudumu la lori, pete ikapindika kama yai, tukaitoa kidoleni kwa siagi na matusi. Titani siijui, enzi zetu haikuwepo madukani. Hiyo tangsteni, waulize wanaoiuza: kitu kigumu hivyo kikianguka kinakuwaje?

Lakini naona unauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Ukiivua, utaitundika wapi? Anza hapo.

Nimeoka mkate wa iliki na hakuna wa kuula.

Shangazi yako,
Aili


Melini, Ziwa Superior
9 Julai 2017

Shangazi,

Shikamoo tena, na asante kwa chakula cha Jumamosi ile tulipofunga gati bandari ya Two Harbors. Ile supu ya samaki bado naiota. Mpishi nimempa maelekezo, akaipika, akatia pilipili. Kamba sikuisahau kwa makusudi, nitaileta safari ijayo.

Ulisema Mjomba alianza na dhahabu. Akamalizia na nini? Mbona umeniachia hadithi katikati?

Mimi nimeshanunua tangsteni! Nzuri ajabu, nyeusi, inang'aa kama jiwe lililolowa. Ila kuna jambo dogo. Siku ile kwako, tulipotoka sauna, nilikaa kwenye ngazi na taulo langu, nimetulia, nikachukua uzi nikajipima kidole. Nikatuma kipimo dukani. Pete imekuja, nikaivaa, inazunguka kidoleni peke yake. Nimempigia muuzaji, ananiambia tangsteni haibanwi wala haipanuliwi, ukikosea kipimo umekosea. Sielewi kosa limetoka wapi, maana nilipima vizuri kabisa, na uzi ulinibana.

Kuhusu kutundika, sijakuelewa. Si nitaitia mfukoni?

Wade


Palo
30 Julai 2017

Wewe Wade,

Salamu baadaye, ngoja kwanza nimalize kucheka.

Umejipima kidole ukitoka sauna! Wewe ni wa ukoo huu kweli, au ulibadilishwa hospitalini? Mfini gani, damu ya Finland, asiyejua kwamba ukitoka kwenye mvuke vidole vinakuwa soseji? Baba yako akisikia atajificha. Nimemsimulia jirani yangu Helmi, akacheka mpaka meno yakamtoka, na nasema kweli, yalimtoka, tukayatafuta kwenye nyasi.

Sikiliza. Unajipima siku ya kawaida, jioni, umekula, umetulia, hujatoka kwenye joto wala kwenye baridi. Kesho yake unajipima tena. Hayo tu.

Na mfukoni! Mfukoni ndiko pete zinakokwenda kufa. Mfuko una tundu, suruali inafuliwa, chenji inatolewa dukani, na pete inatoka nayo. Mfuko si mahali. Nimekuuliza utaitundika wapi, na bado hujanijibu.

Uliuliza pia Arvo alimalizia na pete gani. Beri za porini mwaka huu zimeiva mapema, nimejaza ndoo mbili na dubu mmoja amenisaidia upande wa pili wa kichaka. Tuliheshimiana.

Aili


Melini, Ziwa Michigan
3 Septemba 2017

Shangazi mpendwa,

Mimi mzima. Pete si mzima.

Nilikuwa nimetoka zamu, niko juu kabisa ya ngazi za chumba cha injini, nanawa. Maji ya baridi, sabuni nyingi, na kidole hakikuwa tena soseji. Ikachomoka. Ikapiga ngazi ya kwanza, ti! Ikapiga ya pili, ti! Nikaisikia inashuka mpaka chini kabisa, na kule chini ikatoa mlio mwingine ambao sikuupenda. Injinia mkuu, mzee wa Wisconsin ambaye hajawahi kucheka mbele ya watu, akainama akaokota kipande. Akakitazama. Akasema, "Wade Lahti, pole. Ndoa yenu ilidumu kiasi gani?"

Sasa meli nzima wananiita Mgane.

Tina hakucheka hata kidogo. Mazungumzo ya simu yalikwenda hivi:

"Imevunjika?"

"Imevunjika."

"Wade, hata kanisani haijafika!"

"Nitanunua nyingine."

"Ya nini sasa? Ya mpira? Ninao wateja wanaovaa za mpira, utafikiri wametoka kufunga chupa za achari."

"Niambie wewe unataka ya nini."

Nikasikia anafunga mlango wa chumba. Kisha akasema polepole, "Sijali ni ya nini. Miezi tisa kwa mwaka uko majini, na hiyo pete kila siku utaivua. Sawa, ni kazi, nimeelewa. Lakini ikiwa haiko kidoleni mwako, mimi niko wapi? Nipe jibu la hilo twende kanisani. Usiponipa, mama atakula mikate yake mwenyewe."

Nampenda huyu msichana mpaka naumwa, na kila ninachowaza kumwambia kinasikika kama maneno ya wale wateja wake. Tutapakia Two Harbors katikati ya Oktoba. Nitakuja. Nitaleta kamba.

Wade


Melini, Ziwa Superior
23 Oktoba 2017

Shangazi,

Shikamoo. Tumeondoka salama, theluji ya kwanza imetukuta tunatoka bandarini.

Niambie nimekukosea nini. Nimelirudia lile jambo kichwani na silielewi. Nilifika na kamba nyeupe ya melini, nzuri kuliko uliyoomba. Wewe ukiwa jikoni na supu, nikaenda kuifunga mwenyewe kwenye taa ya sauna. Nikaikata ile ya zamani na ndoano yake, nikaitoa ile washa kuukuu ya boliti, kile kiduara cha chuma, iliyokuwa imefungiwa mwishoni, nikaweka kishikio cha mbao nilichokichonga kwa kisu wiki nzima, chenye umbo la samaki. Nilitaka ufurahi.

Tulipomaliza kuoga ukaenda kuzima taa. Halafu ukaita, "Kilichokuwa hapa kiko wapi?"

Nikasema, "Kipi, ile washa? Iko kwenye kopo la misumari ghalani."

Ukatoka bila koti, na nywele mbichi, kwenye baridi ile. Uliporudi hukunitazama. Tulikula kama watu wanaosubiri basi. Uliniaga kwa kunipa mkono, Shangazi, wewe ambaye huwa unanivuta masikio.

Kama ni yule samaki, nitakuchongea kitu kingine.

Wade


Melini, Detroit
9 Novemba 2017

Shangazi,

Ndoo imepanda leo. Kulikuwa na bili ya meno, katalogi ya mbegu ambayo sijui nani kaniletea, na hakuna barua yako.

Tina ameuliza tena kama nimepata jibu. Nimemwambia bado natafuta. Ameniambia, "Tafuta, lakini kumbuka kadi zinachapishwa Desemba."

Andika hata kunitukana.

Wade


Palo
18 Novemba 2017

Wade mwanangu,

Hatujambo. Ziwa limeanza kuganda kandokando na Musti amelijaribu, akarudi akiwa na akili zaidi. Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza mara nyingi, na kila mara najikuta naandika habari za Musti tu. Leo nimemfungia nje.

Ile si washa. Ni pete ya Arvo.

Dhahabu ilipopindika, alichukua nati ya chuma cha pua kwenye karakana ya mgodi. Wenzake wakienda kula, yeye akawa anaikereza, mpaka ikawa pete. Akaja nayo nyumbani akaisugua kwa kitambaa jioni nzima hapo mezani. Nilimwambia, "Wewe umenioa au umenifunga boliti?" Akasema, "Vyote viwili."

Kazini na yeye alikatazwa kuivaa. Akapigilia msumari ndani ya kabati lake la nguo kule mgodini, ndipo ilipokaa zamu nzima. Na kwenye sauna, unajua mwenyewe, chuma kinaunguza. Kwa hiyo kila Jumamosi aliivua na kuitundika kwenye ndoano ya kamba ya taa. Akitoka anaivaa, ndipo anazima. Mimi mwanamke mwenye wivu, uliza yeyote, lakini pete ile haikuwahi kuniumiza kichwa. Kama haikuwa kidoleni, nilijua ilipo.

Jumamosi yake ya mwisho alitoka kwenye mvuke akasema kifua kinambana. Nikamfunika blanketi, tukaenda hospitali, nikarudi peke yangu. Mliponiuliza pete, nikasema ameshavikwa. Nilidhani wamempa hospitalini na sikuwa na nguvu ya kuulizauliza. Wiki iliyofuata nikaona taa ya sauna inawaka, imewaka siku zote zile. Nikaenda kuizima. Nikashika kamba, na mkononi mwangu ikawa pete yake.

Nikaifunga fundo ili isianguke. Tangu hapo, kila Jumamosi, nikimaliza kuoga namshika mkono kidogo, nazima taa, nakwenda kulala. Sikumwambia mtu. Mngenihurumia, na mama yako angeitia kwenye fremu.

Hukunikosea. Hukujua, na mimi ndiye niliyekuficha. Lakini nilipoona samaki pale pahali pake, Wade, moyo ulinipasuka, na sikuweza kusema kitu cha maana bila kulia kwenye supu.

Nimeipata. Misumari yote kwenye lile kopo imeota kutu, yenyewe inang'aa kama siku aliyoileta. Miaka yote hiyo ya mvuke. Basi ukiniuliza tena ni chuma gani kinachodumu, umekuwa ukikivuta tangu ulipokuwa mdogo wa kusimamishwa kwenye ndoo ili kuifikia taa.

Ukiitaka, chukua, ni yako. Nasema kutoka moyoni, ila usinipe muda wa kufikiri. Kamba yako nimeitumia, nimerudishia ndoano na pete. Samaki yuko kwenye droo ya vijiko na kila mgeni anamsifu.

Ukiona inafaa, msomee Tina.

Shangazi yako anayekuvuta masikio,
Aili


Melini, Ziwa Huron
12 Desemba 2017

Shangazi wangu,

Shikamoo, shikamoo, na nisamehe hata kama unasema hakuna cha kusamehe. Niliisoma nimekaa kwenye ngazi za chumba cha injini. Mpishi akapita akadhani ni pilipili.

Nimemsomea Tina kwa simu. Alikuwa kazini, anamnyoa mtu, akasema soma tu. Nikasoma. Mashine ya kunyolea nikaisikia inazunguka, inazunguka, halafu ikazimwa. Nilipomaliza nikasikia watu wawili wanapenga kamasi. Yule mteja ametoka pale na ndevu upande mmoja na hakudai kitu.

Tina akasema, "Mwambie Shangazi asithubutu kuitoa pale. Akiitoa, siji sauna kwake."

"Nitamwambia."

"Na wewe, utaitundika wapi?"

Safari hii nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshakata kipande cha shaba, nikakipinda, nikakipigilia ukutani kando ya kitanda changu, hapo mkono unapofika kabla sijafungua macho. Ndicho kitu cha mwisho kukigusa nikienda zamu, na cha kwanza nikirudi. Meli nzima wanajua ni cha nini, na hakuna anayetundika hata soksi.

"Hapo ndipo nilipo?" akauliza.

"Hapo ndipo ulipo."

"Basi namwambia mama aoke."

Pete ni chuma cha pua, Shangazi. Injinia mkuu alinitafutia nati ya pampu ya zamani, akaniwashia mashine ya kukerezea, akasimama nyuma yangu na mikono mfukoni ili asininyang'anye kazi. Nimejipima jioni, nimeshiba, nimetulia, na kesho yake tena. Imekaa sawasawa. Nimeisugua mpaka naona pua yangu ndani yake. Injinia akaipokea, akaiangusha sakafuni kwa makusudi, ikaruka, akaiokota akanirudishia. "Hii," akasema, "ikivunjika, mdai mimi." Nadhani alicheka, ila kulikuwa na giza kidogo.

Mama mkwe ameiona kwenye picha, akauliza kama ni bomba. Tina amemjibu mwenyewe.

Ya Mjomba ibaki hapo hapo. Tutaonana kanisani.

Wade


Palo
29 Januari 2018

Wade na Tina wanangu,

Natumaini mmefika salama na gari limewaka bila kusukumwa. Mimi bado nina mkate wa jozi wa mama yako, Tina, ameniachia wa kunifikisha Pasaka. Helmi anasema hajaona harusi nzuri kama ile, na kwamba alicheza na injinia mkuu wa Wisconsin, na kwamba anacheka vizuri tu akiombwa. Sijauliza zaidi.

Nawashukuru kwa kuja juzi Jumamosi. Sauna ya mtu mmoja inachosha. Mliondoka mnakimbizana kwenye theluji na nywele zinaganda, na mimi nikabaki napanga mataulo.

Halafu nikaenda kuzima taa. Nikashika kamba, nikasikia chuma kinagonga chuma.

Zilikuwa mbili.

Umesahau pete yako, bwana harusi wa wiki moja! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye benchi. Nikalia kidogo, halafu nikacheka tena, na Musti akachungulia mlangoni kuona kama niko mzima. Tina, usimnunie. Haijapata hata muda wa kuacha alama nyeupe, na mahali ilipo panajulikana.

Ningewaletea. Barabara ni safi na gari lina mafuta. Lakini njooni wenyewe Jumamosi, na kama theluji itazidi, basi Jumamosi nyingine. Ziacheni kidogo. Nikizima taa zinagongana, na sasa nazima taa hata mchana.

Shangazi yenu,
Aili